Utepe Mweupe

Katika kisanduku changu cha spana, droo ya chini kabisa, mlikuwa na kikopo cha bati. Kwa miaka ishirini na saba hakuna aliyekifungua isipokuwa mimi. Ndani yake mlikuwa na vitu viwili tu: plagi moja ya gari, na kipande cha utepe mweupe wa mafundi bomba, kidogo kuliko ukucha wa mtoto. Mke wangu aliwahi kuniuliza mna nini humo, nikamwambia ni vyuma. Plagi ni chuma, kwa hiyo jibu langu halikuwa uongo mtupu.

Nilizaliwa na kukulia Mombasa, na ufundi niliuanzia huko, chini ya mwarobaini, kwa kuosha vyuma kwa petroli na kutumwa chai. Mzee aliyenifundisha alikuwa mtu wa maneno machache. Gari likiletwa na mwenyewe akianza kueleza ugonjwa wake, mzee humkatiza kwa upole: "Plagi kwanza, maneno baadaye." Huzifungua zote, akazipanga juu ya gunia kwa mpangilio wa silinda zake, akachuchumaa mbele yake kama mtu anayesoma barua. Rangi ya kahawia iliyopauka ni afya. Masizi meusi ni mafuta mengi kupita kiasi. Kaure nyeupe kama chaki ni mafuta haba na moto mkali. Na ukiona vijidoa vya kung'aa kama vumbi la fedha, hiyo ni pistoni inayeyuka kidogo kidogo, na huna budi kuzima injini hapo hapo.

Niliyajua haya yote kabla sijatimiza miaka kumi na minane. Nayaandika mapema ili msomaji asije akanihurumia kwamba sikufundishwa.

Nilifika Houston, jimbo la Texas, mwaka 1994, nikapata kazi ya gereji. Miaka miwili baadaye akaja shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Alikuwa akiendesha teksi ya uwanja wa ndege usiku kucha, na mchana analala. Alikuwa na mambo mawili moyoni. La kwanza lilikuwa nyumba ya mama yao pale Likoni, ambayo paa lake la mabati lilikuwa limeliwa na kutu ya bahari. La pili lilikuwa gari. Hili la pili ndilo lililotangulia kupatikana, kama kawaida ya vijana: Mustang ya mwaka 1993, injini ya silinda nane, lita tano. Kiwanda kiliiandikia nguvu za farasi 205. Kwa mtu aliyezoea matatu ya Likoni hizo ni nyingi mno, lakini pale Texas kila kijana alikuwa na gari la namna ile, na kila mmoja alitaka la kwake lizidi. Basi shemeji akaja siku moja amebeba boksi kubwa mikononi, anacheka. Ndani mlikuwa na mtungi wa buluu wa ratili kumi, mabomba, valvu mbili za umeme na nozeli moja.

"Shemeji," akaniambia, "mimi sina fundi mwingine."

Msomaji asiyependa habari za injini anivumilie kidogo, maana bila kuyaeleza haya hataona kosa langu lilikuwa wapi.

Gesi hii, nitrasi oksidi, ni ya zamani. Mwingereza Joseph Priestley aliitengeneza mwaka 1772, na kwa muda mrefu kazi yake kubwa ilikuwa kuwafurahisha watu kwenye maonyesho. Ndiyo maana ikaitwa gesi ya kucheka. Mwaka 1844 daktari wa meno wa Hartford, Marekani, Horace Wells, aliivuta mwenyewe akang'olewa jino bila kusikia maumivu. Katika Vita Kuu ya Pili Wajerumani waliifunga ndani ya ndege zao za kivita ili injini zipate pumzi kule juu ambako hewa ni nyepesi. Watu wa mashindano ya magari wakaja kuichukua baadaye.

Wengi hudhani huwaka kama petroli. Haiwaki. Inachofanya ni kubeba oksijeni. Katika hewa ya kawaida oksijeni ni kama sehemu 23 kwa mia kwa uzani. Katika gesi hii ni 36. Ikiingia kwenye silinda na kupata joto la nyuzi kama 300, huvunjika na kuiachia oksijeni yake, na hapo injini inaweza kuchoma petroli nyingi zaidi kwa pigo moja. Zaidi ya hayo, hutoka mtungini ikiwa maji maji na kuchemka kwa nyuzi 88 chini ya sifuri, hivyo huipoza hewa inayoingia, na hewa baridi ni nzito. Faida juu ya faida.

Lakini oksijeni ya ziada bila petroli ya ziada ni tanuri. Ndiyo maana mfumo una mabomba mawili, moja la gesi na moja la petroli, na kila bomba lina jeti yake, kijichuma chenye tundu lisilozidi upana wa uzi mnene. Matundu hayo mawili hupimwa yaende pamoja. Likizidi la gesi au likipungua la petroli, alumini ya pistoni ndiyo inayolipa. Na vipimo hivyo vimewekwa kwa kudhani kwamba mtungi una kani ya ratili 900 hadi 950 kwa kila inchi ya mraba. Kani ikishuka, gesi inayoingia ni kidogo, mafuta yanazidi, gari linakuwa zito na kutoa moshi mweusi. Kani ikipanda, gesi inazidi, mafuta yanakuwa haba. Na kani hufuata joto. Mtungi ukiwa na nyuzi 30 hivi, mambo ni mazuri. Ukipita nyuzi 36, gesi hukataa kabisa kukaa katika hali ya maji, na geji inapanda ovyo. Fikiria buti la gari lililofungwa, mwezi wa Julai, Houston, penye joto na unyevu kama wa kwetu pwani lakini bila upepo wa bahari.

Niliifunga kazi ile kwa jioni tatu. Nasema bila kujisifu kwamba ilikuwa kazi safi. Mtungi niliulaza kwenye buti, valvu ikielekea mbele na karatasi yake ikitazama juu, ili mrija wa ndani unyonye maji na si mvuke gari linapochomoka. Pampu ya petroli ya kiwandani niliitoa nikaweka kubwa zaidi. Plagi nikaweka za baridi zaidi, na mwanya wake nikaupunguza. Nilichomoa kile kiunganishi kidogo kinachoizuia kompyuta isiingilie, nikairudisha taimingi nyuma kutoka nyuzi 10 hadi 6. Nikaweka swichi chini ya akseleta ili gesi isifunguke mpaka mguu ufike chini kabisa.

Jioni ya tatu, saa nne za usiku, ilibaki nati moja: ile inayounganisha bomba na valvu ya petroli, upande wa kutokea. Nyuzi za nati ya namna ile hupakwa gundi maalumu ya maji. Kijikaratasi cha maelezo kiliandika kwa herufi kubwa kwamba utepe mweupe wa mafundi bomba usitumike, kwa sababu vipande vyake hukatika na kuingia ndani. Gundi ilikuwa imeniishia. Duka limefungwa. Shemeji amesimama mlangoni, kesho ndiyo siku ya uwanja, na tangu jioni ameniletea biriani na soda. Nikachukua utepe mweupe, nikauzungusha mara tatu, nikakaza.

Valvu ile ina kichujio kizuri upande wa kuingilia. Upande wa kutokea hakuna kitu, ni bomba tupu hadi kwenye jeti. Hilo nalo nililijua.

Siku ya pili tulikwenda Baytown, mashariki ya Houston, kwenye uwanja wa mbio fupi ambao ulikuja kufungwa mwaka 2022. Mbio zenyewe ni robo maili, mita 402, mstari ulionyooka kama rula. Kwanza alikimbia bila gesi: sekunde 14.8. Nilipofungua buti, geji ya mtungi ilikuwa imepita 1,100. Nikafunika mtungi kwa taulo lenye maji ya barafu mpaka ikateremka 950, na watu wa jirani wakanitazama kama mtu anayejua kazi yake. Mbio ya pili, na gesi: 13.4. Shemeji alishuka garini mikono inamtetemeka kwa furaha, akanikumbatia, na shati lake lote linanuka kiberiti. Gesi ya magari huchanganywa na salfa kidogo ili mtu asijaribiwe kuivuta. Harufu hiyo ikinifikia hadi leo hunirudisha pale.

Hapo ndipo pa kufungua plagi. Lakini injini ilikuwa ya moto, foleni ilikuwa ndefu, na sekunde 13.4 zilikuwa zimeandikwa kwenye ubao mkubwa watu wote wakiziona.

Mbio ya tatu gari lilisitasita katikati ya njia, likapata 13.9. Nikaangalia mtungi: 850, maana gesi ikitoka mtungi hupoa. Nikawaza: kani imeshuka, mafuta yamezidi, ndiyo maana gari zito. Wazo hilo lilikuwa na mantiki yote inayotakiwa. Injini yenye mafuta mengi husitasita, na injini yenye mafuta haba husitasita vile vile. Mguu wa dereva hauwezi kutofautisha. Moshi mweusi sikuuona, nikajiambia ni kwa sababu jua linatua. Sikufungua plagi. Nililifunga buti, nikaliacha gari juani lipate joto, mpaka geji ikafika 1,000 na kitu. Yaani ugonjwa ulikuwa njaa ya petroli, na mimi nikaongeza gesi.

Shemeji akaondoka kwa mara ya nne. Kwenye gia ya tatu niliusikia mlio nikiwa nimesimama mbali: kama kokoto zinazotikiswa ndani ya debe. Ulidumu sekunde moja. Kisha wingu la moshi, na nyuma ya gari ikaanza kuyumba, kwa sababu oili ilikuwa inamwagika chini ya matairi yake kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Lilikwenda kushoto, likarudi kulia, likakosa ukuta kwa upana wa mlango. Nilikimbia mita zile zote kwa miguu. Nilimkuta ameketi kwenye majani kando ya njia, mzima, anajikung'uta suruali. Neno lake la kwanza lilikuwa: "Pole, shemeji, nimekuharibia kazi yako."

Usiku ule, gari likiwa gereji na yeye amekwenda kulala, nilifanya nilichopaswa kufanya mchana. Nilifungua plagi zote nane nikazipanga juu ya kitambaa. Saba zilikuwa nyeupe kuliko inavyofaa. Ya silinda ya tatu ilikuwa na vumbi la fedha kaure nzima. Nikafungua nozeli, nikatoa jeti ya petroli, nikaiinua kwenye taa. Katikati ya tundu lake ulikuwa umelala uzi mweupe. Nikauchomoa kwa kibano.

Asubuhi alipokuja, nilikuwa nimenawa mikono na maneno yangu yako tayari. Mustang za lita tano zilizotengenezwa kabla ya 1993 zilikuwa na pistoni za kufuliwa, ambazo huvumilia sana. Mwaka huo kiwanda kikabadili kikaweka za kusubu, ambazo ni ngumu lakini hupasuka upesi zikigongwa. Hiyo ni kweli, na fundi yeyote wa magari yale atakuambia. "Shemeji," nikasema, "hizi pistoni zenu za tisini na tatu ndizo zilizotuangusha." Alitikisa kichwa. "Basi ni bahati yangu," akasema. Niliutumia ukweli mmoja kuuziba mwingine, na uliingia barabara.

Nimewahi kujiuliza kwa nini. Hakuwa mtu wa kugomba. Angecheka, labda angenitania mwaka mzima. Nadhani ni lile kumbatio la mbio ya pili. Nilikuwa mgeni katika nchi ambayo hakuna aliyejua mimi ni nani, na kwa dakika ishirini nilikuwa fundi mbele ya watu. Sikutaka kuirudisha dakika hata moja.

Injini nyingine, nusu ya chini tu, ilimgharimu dola 1,900. Zilitoka katika fedha za paa la Likoni. Mimi sikutoza ufundi, nikafanya kazi wikiendi nne mfululizo, na kwa ajili hiyo nikapata sifa ambazo hata sasa zinanikera kuzikumbuka. Mke wangu aliwaeleza ndugu zake wote. Mkwe wangu akaandikisha barua kwa mjukuu wake, kwa kuwa yeye mwenyewe hakujua kuandika, akaniombea dua ndefu na kumshukuru Mungu kwa kumpa binti yake mume mwenye moyo. Mwisho wa barua yule mjukuu, kwa utundu wa watoto, akaongeza la kwake: bibi anawasalimu, na mvua inanyesha hata ndani. Paa lilibadilishwa mwaka 1999. Mkwe wangu alifariki mwaka 2008, chini ya paa zuri.

Mtu asidhani nililia kila siku. Miaka ilikwenda, watoto wakazaliwa, nikafungua gereji yangu mwenyewe. Vijana wengi waliniletea mitungi yao ya buluu, na kila mmoja nilimfungia kwa gundi ya maji na kumlazimisha afungue plagi baada ya kila mbio. Walinisifu kwa uangalifu. Mmoja aliniuliza nilijifunzia wapi, nikasema Mombasa.

Mwaka 2024, Jumamosi moja, akaja mtoto wa shemeji na Mustang yake mpya. Vifaa vya siku hizi ni vya ajabu: kijikompyuta kinatazama kani ya mtungi, kinapima oksijeni kwenye eksozi, na mambo yakienda kombo kinakata gesi kabla dereva hajahisi lolote. Lakini mabomba bado ni mabomba, na nati bado zinahitaji kuzibwa. Kijana alikuwa amekwisha anza kazi mwenyewe nyumbani. Baba yake alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, anakunywa chai, mvi kichwa kizima. Nikainama chini ya boneti na tochi, na pale kwenye valvu ya petroli, upande wa kutokea, nikaona mzunguko mweupe.

"Nani aliyeweka utepe huu?"

"Mimi, anko. Kuna ubaya gani? Si unaziba tu?"

Ningeweza kumjibu kama nilivyowajibu vijana wengine: maelezo yanakataza, basi. Nilisimama muda, tochi mkononi. Kisha nikaenda kwenye kisanduku, nikavuta droo ya chini, nikatoa kikopo, na sikumpa kijana. Nilimpa baba yake.

Nilimweleza nikiwa nimesimama. Nilianza na gundi iliyokwisha, nikaja kwenye mbio ya tatu na buti nililolifunga, nikamalizia na pistoni. Yeye alivaa miwani, akaigeuza plagi chini ya mwanga, akagusa vumbi la fedha kwa kidole. Ule uzi mweupe hakuugusa. Nje magari yalikuwa yanapita. Kijana alikuwa ananitazama mimi, kisha baba yake, kisha mimi.

"Silinda ya ngapi?" shemeji akauliza hatimaye.

"Ya tatu."

Akaitia plagi ndani ya kikopo, akakifunika, akakiweka chini ya kiti chake, si mkononi mwangu.

"Mama alikaa misimu miwili ya masika na sufuria juu ya kitanda," akasema. Hakupandisha sauti. Kisha akamgeukia mwanawe: "Fungua nati hiyo. Utoe utepe wote, usibakishe hata uzi. Shemeji, gundi unayo?"

"Ninayo."

"Mpe."

Kijana alifungua nati, nami nikamshikia tochi. Tulikwangua nyuzi zile kwa brashi ya waya, moja baada ya nyingine, kwa karibu saa nzima, na muda wote huo sikusikia nyuma yangu hata kikombe kikigusa kisahani.